Manga na anime kugeuzwa filamu za watu halisi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kila inapotangazwa kwamba manga fulani, yaani hadithi ya michoro ya Kijapani, inatengenezewa filamu ya watu halisi, maswali huwa yaleyale: kwa nini wanaiharibu, nani kamchagua huyu, nianze na ipi? Majibu ya hapa hayalingani kwa urefu, maana maswali yenyewe hayalingani kwa uzito. Panapofichuliwa mwisho wa hadithi, onyo limetangulia.

Mnazungumzia filamu zipi hasa?

Zile ambazo chanzo chake ni manga au anime (katuni za video) ya Kijapani, lakini mbele ya kamera wamesimama waigizaji badala ya michoro. Tamthilia za Netflix nazo zimo, ingawa zimegawanywa vipande vipande, kwa sababu siku hizi ubishi mkali zaidi unazihusu hizo.

Kwani mambo haya hayakuletwa na Netflix?

Hapana, ni ya zamani. Lone Wolf and Cub, hadithi ya mpiga upanga asiye na bwana anayezunguka nchi na mwanawe mdogo ndani ya kigari cha mbao, ilitolewa filamu sita kati ya 1972 na 1974, manga yenyewe ikiwa bado haijamalizika kuchapishwa. Mwaka 1973 ikaja Lady Snowblood, akiigiza Meiko Kaji. Ukiwa umeiona Kill Bill ya Quentin Tarantino, ile theluji, ule upanga na wimbo ule wa huzuni vimetoka huko. Hata sauti inayoimba ni ya Kaji mwenyewe.

Mwaka 1979 Mfaransa Jacques Demy aliongoza Lady Oscar, kutoka katika manga ya Riyoko Ikeda kuhusu mwanamke aliyelelewa kama mwanamume na kuwa ofisa wa walinzi wa Malkia Marie Antoinette. Na waliokulia kwenye kanda za Jackie Chan huenda waliiona City Hunter ya 1993 bila kujua kwamba ni manga ya Tsukasa Hojo. Ile sehemu ambapo Chan anapigwa na shoti kwenye mashine ya gemu na kuibuka akiwa Chun-Li wa Street Fighter bado inachekesha mpaka leo.

Kwa nini nyingi huwa mbovu?

Sababu ya kwanza ni urefu. Dragon Ball ya Akira Toriyama ina sura 519 katika vitabu 42. Filamu ya Hollywood ya 2009 ina dakika 85. Hata fundi wa namna gani hawezi kuyashindilia yale ndani ya haya. Anayejaribu hupata muhtasari: watu wanaingia, wanataja majina yao, wanapigana, wanatoka, na mtazamaji hajapata nafasi ya kumpenda yeyote. Fullmetal Alchemist ya 2017 iliumwa na ugonjwa huohuo, ingawa ina picha nzuri.

Ya pili ni muda. Kwenye manga mpiganaji anaruka. Akiwa angani anamkumbuka mama yake, anaeleza siri ya pigo lake, anamtukana adui, na anatua kurasa tatu baadaye. Msomaji haoni ajabu, kwa kuwa kasi ya kusoma anaishika mwenyewe. Mtundike mwigizaji kwenye waya, mwambie aseme maneno hayohayo, ukumbi mzima utacheka.

Ya tatu ni fedha na wenye fedha. Japani filamu nyingi za namna hii hutengenezwa na kamati: kituo cha televisheni, mchapishaji, kampuni ya matangazo, kampuni ya muziki, kila mmoja anatia fungu lake. Uzuri wa mpango huu ni kwamba ikidoda, hakuna anayezama peke yake. Ubaya wake ni kwamba kila mwenye fungu ana neno. Mmoja anataka kijana wake mwenye jina awe mhusika mkuu, mwingine anataka wimbo wa msanii wake mwishoni, na wote wanataka itoke tarehe fulani, iwe imeiva au haijaiva. Na kwa kuwa mashabiki wa manga watanunua tiketi kwa vyovyote, hakuna anayesukumwa sana kuihangaikia.

Wengi husema tatizo ni kutoifuata manga. Sikubaliani nao. Zipo zilizonakili kila nywele na kila kifungo cha shati zikachosha, na zipo zilizobadilisha mwisho wa hadithi zikapendwa. Kila hadithi ina nguzo inayoibeba. Ukibadilisha paa na madirisha watu watanung'unika, halafu watazoea. Ukiing'oa nguzo hakuna wigi litakalokuokoa. Mifano inayofuata yote inazunguka hapo.

Basi kwa nini Rurouni Kenshin inasifiwa hivyo?

Kwa sababu waliijua nguzo yake. Himura Kenshin aliua watu wengi katika vita vya kuuangusha utawala wa ukoo wa Tokugawa nchini Japani, kisha akaapa kutoua tena. Anatembea na sakabato, upanga uliofuliwa kinyume: makali yapo upande unaomwelekea yeye mwenyewe, na upande unaompiga adui ni butu. Kwa hiyo kila pambano lina swali lake: leo atalazimika kuugeuza ule upanga? Manga ya Nobuhiro Watsuki ilichapishwa 1994 hadi 1999 na ina watu na visa tele. Filamu ya kwanza, ya 2012, ilikata mno, ikachanganya visa, ikawaondoa wengine kabisa. Swali la upanga ikaliacha vilevile.

Mwongozaji Keishi Otomo alitoka NHK, shirika la utangazaji la taifa, ambako alikuwa ameongoza tamthilia ya kihistoria Ryomaden mwaka 2010. Humo Takeru Satoh aliigiza Okada Izo, muuaji wa kweli wa kipindi hichohicho. Otomo ndiye aliyempa Satoh nafasi ya Kenshin, kwa hiyo hakumchukua kijana mwenye sura nzuri tu. Alishamwona akishika upanga na akimbeba mtu mwenye damu mikononi. Mapigano yalipangwa na Kenji Tanigaki, Mjapani aliyejifunzia kazi Hong Kong na kufanya kazi na Donnie Yen.

Jaribu hivi: tazama pambano lolote la filamu ya kwanza, lakini usiangalie upanga, angalia miguu. Satoh anakimbia ameinama hivi kwamba bega linakaribia kugusa sakafu. Akifika kona hasimami. Mguu mmoja unateleza kwenye vumbi, mwili unazunguka, na pigo linatoka kwenye ule mzunguko wenyewe. Kwenye manga kasi ya Kenshin inachorwa kwa mistari. Hapa imepewa uzito, vumbi na pumzi. Majina ya mapigo, ambayo kwenye katuni hutangazwa kwa sauti ya kutetemesha madirisha, yamepunguzwa sana. Nywele nyekundu zimefifishwa zikawa za kahawia, na nguo zimechakaa kama za mtu anayelala njiani.

Kwenye The Legend Ends ya 2014, Shishio, mwanamume aliyechomwa moto mwili mzima na kufungwa bendeji kama maiti, anapigana na watu wanne kwa pamoja, na kwa muda mrefu ni yeye anayewashinda. Aliyezoea sheria ya kibanda umiza kwamba steringi hafi, pale anaanza kuitilia shaka.

Nizitazame kwa mpangilio gani?

Zilivyotoka: ya kwanza 2012, kisha Kyoto Inferno na The Legend Ends za 2014, halafu The Final na The Beginning za 2021. Usidanganywe na jina la The Beginning. Ndiyo inayosimulia ujana wa Kenshin, lakini imetengenezwa kwa mtu ambaye tayari anajua lile kovu la msalaba shavuni litakuja kumaanisha nini. Ukianza nayo inakuwa filamu nzuri ya mauaji. Ukimaliza nayo inauma.

Death Note zipo kadhaa. Ipi ndiyo yenyewe?

Onyo: jibu hili linafichua mwisho.

Zile mbili za Kijapani za mwaka 2006, Death Note na The Last Name, zilizoongozwa na Shusuke Kaneko. Tatsuya Fujiwara ni Light Yagami, mwanafunzi anayeokota daftari la mungu wa kifo. Ukiandika humo jina la mtu huku ukiijua sura yake, anakufa. Kenichi Matsuyama ni L, mpelelezi asiyelala, anayekaa amechuchumaa juu ya kiti na kula vitu vitamu mfululizo. (Fujiwara huyohuyo ndiye Shishio wa kwenye bendeji. Ukilijua hilo, sauti unaitambua mara moja.)

Kaneko alibadilisha mengi. Alimpa Light mchumba anayeitwa Shiori, ambaye kwenye manga ya Tsugumi Ohba na Takeshi Obata hayupo kabisa, ili tuone mapema kijana huyu yuko tayari kumtoa nani kafara. Kisha akabadilisha mwisho wenyewe. Kwenye manga L anashindwa na kufa, na hadithi inaendelea na warithi wake. Kwenye filamu L anatambua kwamba jina lake litaandikwa, basi anawahi kuliandika yeye mwenyewe, akijipangia kifo cha utulivu baada ya siku 23, ambazo ndizo kikomo ambacho daftari linaruhusu. Jina lililokwisha kuandikwa haliwezi kufutwa na anayeandika baadaye. Kwa hiyo Light anasherehekea kifo ambacho hakijatokea, na anakamatwa akisherehekea.

Mashabiki waliyapokea mabadiliko makubwa namna hiyo kwa sababu yametoka ndani ya sheria za daftari lenyewe. Death Note ni mchezo wa akili wenye kanuni zilizoandikwa, na mwandishi wa mswada aliucheza kwa kanuni hizohizo.

Sasa ichukue ile ya Netflix ya 2017, iliyoongozwa na Adam Wingard. Hadithi imehamia Seattle, jambo ambalo kwangu halina ubaya wowote. Lakini Light wa Kijapani anapomwona Ryuk, yule mungu wa kifo, kwa mara ya kwanza anashtuka, kisha anamwambia alikuwa akimsubiri. Light wa Seattle anapiga mayowe na kujificha. Light wa Kijapani anaficha siri yake kwa kila mtu. Wa Seattle anamfichulia siri hiyo msichana anayempenda mapema kabisa. L naye, mtu wa kutulia na kukokotoa, anaishia kukimbiza mtu mitaani na bastola. Waigizaji walijitahidi, na sauti ya Willem Dafoe kama Ryuk ni ya kutisha sawasawa, ila nguzo ya siri na akili ilikwisha kung'olewa.

Dragonball Evolution ilikuwa mbaya kiasi wanachosema?

Ndiyo, hiyo ndiyo ile ya Hollywood ya 2009. Goku, mtoto wa porini mwenye mkia ambaye hajawahi kuona gari, alifanywa mwanafunzi wa sekondari ya Marekani anayeonewa na wenzake na kumwonea haya msichana. Chow Yun-fat akawa Master Roshi, mwalimu wa Goku, na inasikitisha kumwona mwigizaji wa kiwango chake amekosa la kufanya. Mwaka 2016 mwandishi wa mswada, Ben Ramsey, aliwaomba radhi mashabiki hadharani, akakiri kwamba alivutiwa na malipo makubwa kuliko mapenzi ya hadithi yenyewe.

Lilipatikana jema moja. Toriyama, aliyefariki Machi 2024, alieleza kwamba maoni yake kuhusu mswada hayakusikilizwa, na kutoridhika huko kulichangia kumrudisha kazini kwenye anime ya Battle of Gods ya 2013. Kutoka hapo ndipo Dragon Ball Super ikazaliwa.

Suala la Scarlett Johansson lilikuwa nini?

Mwaka 2017 aliigiza Major katika Ghost in the Shell ya Hollywood, na wengi wakaja juu: kwa nini mhusika wa Kijapani, Motoko Kusanagi, achukuliwe na Mmarekani mweupe? Mamoru Oshii, aliyeongoza anime ya 1995, alisema yeye haoni tatizo, kwa kuwa mwili wa Major ni wa kutengenezwa, na mwili wa kutengenezwa unaweza kuwa na sura yoyote.

Hoja ya Oshii ina nguvu mpaka uitazame filamu yenyewe. Humo inafichuka kwamba ubongo ulio ndani ya ule mwili ni wa msichana wa Kijapani aliyetekwa na kusahaulishwa jina lake, hata mama yake yupo, anaishi peke yake kwenye fleti. Yaani hadithi inamvua msichana Ujapani wake na kumvika mwili wa Kizungu, halafu inapita kana kwamba hakuna lililotokea. Kama wangelisimamia jambo hilo na kuliuliza maswali, ingekuwa filamu kubwa. Waliliogopa.

Mbona Wajapani nao wanaigiza Wazungu?

Wanafanya hivyo. Fullmetal Alchemist inatokea kwenye nchi ya kubuni inayofanana na Ulaya, na waigizaji wote ni Wajapani. Baadhi ya picha zilipigwa mji wa Volterra, Italia. Watu walicheka wigi la njano, lakini hasira hazikuwa zilezile, na ni haki: mwigizaji wa Kijapani anayetaka nafasi kubwa Hollywood ana milango michache sana, na Ghost in the Shell ilikuwa mmoja wa hiyo michache.

Ni kweli One Piece ya Netflix ilipigwa Afrika?

Ni kweli. Ilipigwa Cape Town, Afrika Kusini, msimu wa kwanza na wa pili. Merikebu zilijengwa kwa ukubwa wake halisi, ikiwemo Going Merry yenye kichwa cha kondoo, na mafundi na waigizaji wengi wa ziada ni wa hukohuko.

Ilipotoka Agosti 2023 wengi walikuwa wameshaandaa matanga. Luffy, mhusika mkuu, ana mwili wa mpira unaovutika. Unamvutaje mtu mbele ya kamera bila kuchekesha vibaya? Jibu lao ni kwamba walikubali achekeshe. Iñaki Godoy, kijana wa Mexico, anatabasamu kama mtu asiyejua kuwa jambo hili ni gumu, na ukishaliamini tabasamu unauamini na mkono wa mita tano. Nguzo ya One Piece ni hilo: ukarimu wa mtu mwenye ndoto kubwa asiyeona haya kuitaja.

Walikata pia. Vipande vinane vya msimu wa kwanza vinabeba takriban sura 95 za manga. Don Krieg, ambaye kwenye manga ana vita virefu, hapa anaonekana kidogo tu na kumalizwa na mpiga upanga Mihawk, na sikusikia wengi wakimlilia. Garp, babu yake Luffy, aliletwa mbele mapema ili kuwe na mtu wa kuwafukuza tangu mwanzo. Tofauti na ya Goku ni kwamba Eiichiro Oda, mwandishi wa manga mwenyewe, alikuwa mtayarishaji mtendaji, na Mei 2023 aliwaandikia mashabiki kwamba Netflix imekubali kutoitoa mpaka yeye aridhike.

Kuna jambo dogo wanaolalamikia rangi za waigizaji hulisahau. Zamani Oda aliulizwa na wasomaji wahusika wake wangetoka wapi kama wangekuwa watu wa dunia hii. Alijibu: Luffy Brazil, Zoro Japani, Nami Sweden, Sanji Ufaransa, Usopp Afrika. Kumpa Jacob Romero Gibson nafasi ya Usopp hakukuwa uzushi wa Netflix.

Na Cowboy Bebop?

Tamthilia hiyo ya Netflix ilitoka Novemba 2021 na kufutwa Desemba, kabla haijafikisha wiki tatu. John Cho alikuwa mzuri kama Spike, mhusika mkuu, na muziki ulikuwa wa Yoko Kanno yuleyule wa anime. Lakini anime ya 1998 inatembea taratibu, inanyamaza, inamwacha mtu avute sigara yake bila kueleza kitu. Tamthilia ilieleza kila kitu. Shinichiro Watanabe, mwongozaji wa anime, alisema baadaye kwamba hakuweza kuendelea kuitazama baada ya tukio la kwanza.

Mwenye manga akikubali, si ndiyo salama?

Si lazima. Attack on Titan ya 2015, filamu mbili zilizoongozwa na Shinji Higuchi, ilibadilishwa kwa ridhaa na hata kwa kuombwa na mwandishi wa manga, Hajime Isayama mwenyewe. Levi, kipenzi cha mashabiki, akaondolewa, na nafasi yake ikachukuliwa na Shikishima, mtu mpya ambaye hakupendwa na yeyote. Eren, mhusika mkuu, naye akapewa sababu nyingine za kupigana. Nitaitetea kwa jambo moja: nusu saa ya kwanza, majitu yanapoingia kupitia ukuta uliobomoka, yakitabasamu huku yakitafuna watu. Ni binadamu waliopakwa rangi na kupigwa picha kati ya nyumba ndogo za kuchonga, kwa ufundi wa zamani wa filamu za Godzilla, na yanatisha kuliko madoido mengi ya kompyuta. Baada ya hapo hadithi inapotea.

Filamu ikiingiza mabilioni, mwandishi wa manga anapata nini?

Japani, mara nyingi anapata ada iliyopangwa mapema, si asilimia ya tiketi. Mfano uliozua kelele ni Thermae Romae ya 2012, kichekesho kuhusu fundi wa mabafu wa Roma ya kale anayezama majini na kuibukia kwenye bafu la umma la Japani ya leo. Filamu iliingiza karibu yeni bilioni 6. Mari Yamazaki, aliyeichora, alisema kwenye televisheni kwamba malipo yake yalikuwa kama yeni milioni 1. Bila shaka filamu huuza vitabu zaidi, na hapo mwandishi hupata mrabaha, lakini pengo ni pengo.

Kuna upande mzito zaidi. Januari 2024 Hinako Ashihara, mwandishi wa Sexy Tanaka-san, alifariki siku chache baada ya kueleza hadharani kwamba tamthilia iliyotokana na manga yake ilikuwa ikienda kinyume na masharti aliyoyaweka. Kituo cha Nippon TV na mchapishaji Shogakukan walitoa ripoti za uchunguzi mwaka huohuo. Tangu hapo swali la nani ana neno la mwisho si la mashabiki tu.

Kuna nilizoziona bila kujua zilitoka kwenye manga?

Huenda. Oldboy ya Park Chan-wook, filamu ya Korea Kusini iliyopata Grand Prix kule Cannes mwaka 2004, ilitokana na manga ya Kijapani ya Garon Tsuchiya na Nobuaki Minegishi. Inachukua wazo la mtu anayefungiwa miaka mingi bila kujua kosa lake, kisha inajitungia sababu yake yenyewe, ya kutisha kuliko ya kwenye manga. Boys Over Flowers ya Korea nayo ni ya Kijapani kwa asili, Hana Yori Dango ya Yoko Kamio. Taiwan waliitengeneza kabla ya Korea, mwaka 2001, kwa jina la Meteor Garden.

Edge of Tomorrow ya Tom Cruise ni ya kuangalia vizuri: ilitokana na riwaya ya Hiroshi Sakurazaka ya 2004, si manga. Manga yake ilikuja 2014, mwaka uleule wa filamu, ikachorwa na Obata wa Death Note. Na Parasite iliyopata Oscar haihusiani kabisa na Parasyte, manga ya viumbe wanaoingia mwilini. Filamu mbili za Parasyte ziliongozwa na Takashi Yamazaki, yule aliyekuja kuchukua Oscar ya madoido kwa Godzilla Minus One mwaka 2024.

Zilizotafsiriwa kwa Kiswahili zinafaa?

Inategemea ipi. Sanaa ya kusimulia filamu juu ya sauti yake ina wenyewe huku kwetu. DJ Afro wa Kenya amejenga jina kwa hiyo, hasa kwenye filamu za mapigano. Filamu ya panga kama Kenshin inabeba masimulizi hayo vizuri, hata ikichangamka zaidi. Death Note usijaribu. Sheria moja ya daftari ikipitwa na utani wa msimulizi, mwisho wote hutauelewa. Hiyo itazame kwa Kijapani na maandishi chini, simu umeiweka mbali.

Nianze na ipi?

Kama hujawahi kusoma manga: Rurouni Kenshin ya kwanza. Kama unapenda vita vya farasi na majeshi, Kingdom ya 2019 ya Shinsuke Sato, kuhusu yatima mtumwa wa China ya kale anayeapa kuwa jenerali mkuu. Filamu nne za mfululizo huo kila moja imepita yeni bilioni 5 Japani. Wa mapenzi na muziki aitafute Nana ya 2005, wasichana wawili wenye jina moja wanaokutana kwenye treni ya kwenda Tokyo na kupanga chumba pamoja. Ajue tu kwamba manga yake ilisimama 2009 na haijamalizika. Kwa familia yenye vijana, Alita: Battle Angel ya 2019. Macho yale makubwa yanashtua dakika kumi za kwanza, kisha unayasahau kabisa.

Oldboy si ya watoto. Narudia, si ya watoto.

Nisome manga kwanza?

Tazama kwanza. Anayesoma kwanza hukaa ukumbini akihesabu vilivyokosekana. Anayetazama kwanza, akifika kwenye manga, kila ukurasa ni nyongeza.

Naruto itatoka lini? Na Akira?

Naruto iko mikononi mwa studio ya Lionsgate; Februari 2024 alitajwa Destin Daniel Cretton, aliyeongoza Shang-Chi, kuwa mwongozaji. Akira ni kisa kingine. Warner Bros. walinunua haki mwaka 2002, wakabadilisha waongozaji mmoja baada ya mwingine, wakaweka hata tarehe, 21 Mei 2021, wakiwa na Taika Waititi. Tarehe ikapita. Mwaka 2025 haki zikarudi kwa mchapishaji Kodansha, na Katsuhiro Otomo bado hajaona hata tukio moja la manga yake likiigizwa na Hollywood.